Mtu Aliyelipa Jina Bonde la Ufa

Msafiri atokaye Ngong akashika njia ya kwenda Suswa, akisha kuupita mgongo wa vilima hujikuta anateremka, tena huteremka mpaka masikio yakaziba. Nyuma yake ukuta wa ardhi umesimama kama ukuta wa ngome. Mbele yake ni nchi tambarare ya migunga na vumbi la majivu, na huko mbali mlima Suswa umelala kama sinia lililofudikizwa. Hapo ndipo Ewuaso Kedong, katika Kajiado, mji mdogo wa maduka na mifugo uliochukua jina la mto wa hapo. Uaso kwa Kimaasai ni mto. Wenyewe huandika Ewuaso Oonkidong'i, na jina hilo linakumbusha ukoo wa malaiboni, ukoo wa Mbatian na mwanawe Olonana, ambaye sisi watu wa pwani tumezoea kumwita Lenana.

Watu wetu waliijua njia hiyo zamani sana. Misafara ya pembe kutoka Mombasa na Pangani ilipita chini ya kuta hizo kabla ya Mzungu yeyote kuziona, na wakuu wa misafara walijua wapi pana maji, wapi pana magadi, na laiboni gani apewe nini ili watu wapite kwa amani. Lakini kupita mahali ni jambo moja, na kuuliza kwa nini mahali pamekuwa vile palivyo ni jambo jingine. Mtu wa kwanza kuja kwa nia ya kuyasoma mawe ya bonde hilo, akayapima na kuyaandika, alikuwa kijana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 29, John Walter Gregory. Alifika mwaka 1893, na aliletwa kwa miguu na wapagazi wa pwani.

Sababu ya kumkumbuka leo ni watoto. Kuna hadithi ya michoro ya Kijapani iliyoonyeshwa katika televisheni ya huko mwaka 1900 na kitu? La, si zamani hivyo: ni mwaka 2009, kwa sehemu 11. Yasimulia habari za msichana wa miaka 13, Mirai, na nduguye mdogo Yuuki, waliokwenda kutazama maonyesho ya roboti katika kisiwa cha Odaiba mjini Tokyo. Wakiwa huko tetemeko kubwa likaipiga Tokyo, daraja zikakatika, majumba yakalala chini, na watoto wale wakaanza kurudi kwao kwa miguu, wakisaidiwa na mwanamke mmoja, Mari, ambaye naye ana mtoto wake na mama yake hajui wako katika hali gani. Hapana mashujaa wala majitu ndani yake. Kuna kiu, foleni ya choo, vumbi, uchovu, na nduguye mtu kumshika mkono asipotee. Sitawasimulia mwisho wake, maana atakayeitazama atalia, na haki yake ni kulia mwenyewe bila ya mimi kumtangulia. Miaka miwili baadaye, tarehe 11 Machi 2011, Japani ilipatwa na tetemeko la kweli likifuatwa na bahari kupanda. Katika mji wa Kamaishi watoto wa shule karibu 3,000 walinusurika kwa kuwa walizoezwa kukimbilia mlimani bila ya kungoja amri, na wakubwa miongoni mwao waliwashika wadogo mikono.

Mtoto wa Mombasa, Lamu au Unguja akitazama hadithi kama ile huuliza jambo ambalo mzazi hana budi kulijibu: je, na kwetu? Mtoto wetu jina la tetemeko analijua kabla hajajua kusoma gazeti, kwa kuwa Sura ya Zalzala imo katika Juzuu Amma, naye huihifadhi chuoni mapema. Lakini wengi wetu tumezoea kuwaambia kwamba haya ni mambo ya nchi za mbali. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la kipimo cha karibu 6 lilitokea chini ya bahari karibu na Dar es Salaam, likasikika Unguja na Mombasa, na watu wakatoka majumbani na kanga begani. Tangu usiku ule jibu la nchi za mbali limekwisha nguvu. Na atakaye kulijibu swali la mtoto kwa ukweli, lazima amtaje Bwana Gregory.

Alizaliwa tarehe 27 Januari 1864 katika mtaa wa Bow, mashariki ya London. Babake alikuwa mfanyabiashara wa sufi. Hakuwa mtoto wa ukoo mkubwa, wala hakuandaliwa kuwa mwanachuoni: alipofika umri wa miaka 15 alitolewa shule akatiwa katika biashara ya sufi, kazi ya ukarani, kuandika bei na mizigo. Mchana alikuwa karani, usiku alikuwa mwanafunzi. Alisoma katika chuo cha jioni cha Birkbeck, ambacho kilianzishwa kwa ajili ya watu wa kazi, na kwa njia hiyo ya kuibia usingizi akapata shahada ya Chuo Kikuu cha London kwa daraja la juu mwaka 1891. Kabla ya hapo, mwaka 1887, alikwisha kuajiriwa katika nyumba ya makumbusho ya viumbe na mawe ya London, na huko akakaa mpaka mwaka 1900. Mtu wa namna hii, aliyeichuma elimu kwa kijiko, mara nyingi huwa hana subira na wavivu wala hana hofu ya njaa. Gregory alikuwa na tabia zote mbili.

Zama zile mzee mmoja wa Vienna, Eduard Suess, alikuwa amezua jambo. Suess hakufika Afrika Mashariki. Alikaa mezani pake na taarifa za wasafiri, hasa Teleki na von Höhnel waliokwenda mpaka ziwa ambalo leo ni Turkana katika miaka ya 1887 na 1888, na kwa kuziunganisha ramani akasema mwaka 1891 kwamba mabonde na maziwa yale si vitu mbalimbali. Ni mpasuko mmoja wa dunia, utokao kusini katika Afrika Mashariki ukapanda Uhabeshi, ukaingia Bahari ya Shamu na kufika Shamu yenyewe, kwenye Bahari ya Chumvi na mto Jordani. Basi fikra ilikuwako, lakini ilikuwa fikra ya mtu asiyeigusa nchi. Gregory alitaka kwenda kuigusa.

Safari yake ya kwanza ilikuwa fedheha. Mwishoni mwa mwaka 1892 alipewa ruhusa na makumbusho yake kufuatana na msafara mkubwa wa Waingereza uliokusanyika Lamu ili uende bara. Msafara ule ulikuwa na kila kitu isipokuwa akili ya kuuongoza. Maradhi yakaingia, ugomvi ukaingia, ukavunjika kabla ya kufika kokote. Gregory mwenyewe homa ilimtupa chini. Mtu mwingine angepanda meli akarudi kwao kwa heshima. Yeye alikwenda Mombasa, akatafuta watu wapatao 40, akanunua merikani, shanga na masango ya kulipia njiani, na katika mwaka 1893 akatoka kwenda bara peke yake bila ya Mzungu mwenziwe.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana vitabu vya Kizungu havisimami. Mwaka 1893 hapakuwa na reli. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Kila kilichokwenda bara kilikwenda juu ya kichwa au bega la mtu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa ratili 60 mpaka 70, mbali na mkeka wake, sufuria na bunduki. Kwanza Taru, ambako mtu hufa kwa kiu, kisha Tsavo, Kibwezi, Machakos, mpaka Kikuyu, ndipo ukuta wenyewe wa kuteremkia bondeni. Mzungu alikuwa na nyundo na kitabu cha kuandikia. Mawe aliyoyavunja ni wao waliyoyabeba. Fikiria mtu wa Mombasa, aliyezoea kubeba pembe yenye thamani, kuambiwa abebe jiwe, tena jiwe jeusi lisilo na dhahabu ndani yake, siku 40 mpaka bandarini. Hapana shaka walimwona ana wazimu. Lakini walibeba, na mawe yakafika London. Gregory katika maandishi yake aliwasifu watu wake kwa uvumilivu, na ni haki kulisema hilo. Ni haki vile vile kusema kwamba mabarafu ya Mlima Kenya na bonde la Afrika yalipewa majina ya wanachuoni wa Ulaya, na hapana hata kijito kilichoitwa kwa jina la mpagazi.

Aliposimama ukingoni mwa ukuta wa Kikuyu na bonde limetandama chini yake, Longonot upande mmoja, Suswa upande mwingine, Gregory aliuliza swali rahisi: mto gani uliochimba shimo hili? Jibu lake lilikuwa kwamba hapana mto uliolichimba. Mito midogo kama Ewuaso Kedong ni wageni tu waliokuta nyumba imekwisha kujengwa. Alishuka, akatazama tabaka za mawe ya upande wa mashariki na za upande wa magharibi, na akaona kwamba tabaka zilizo juu ya kuta ndizo zilizo chini sakafuni. Kwa hivyo sakafu haikuchimbwa. Ilishuka. Alikwenda Naivasha, akapanda kaskazini mpaka Ziwa Baringo, na huko akaona ukuta umeshuka kwa ngazi, kidato baada ya kidato, kila kidato ni ufa.

Anayezijua nyumba za mawe za Lamu au Mombasa ya kale ataelewa upesi kuliko mtu wa Ulaya. Chumba chetu cha kale ni chembamba kwa kuwa upana wake hupimwa kwa urefu wa boriti ya mkoko. Sasa chukulia kuta mbili zibebazo boriti zimevutwa, huku na huku, shibiri moja tu. Boriti zitakosa pa kulalia, na dari lote litashuka katikati, ilhali kuta zimesimama wima. Hivyo ndivyo Bonde la Ufa lilivyo. Ardhi iliinuka kama tao, ikavutwa pande mbili, ikapasuka nyufa sambamba, na kipande cha katikati kikazama. Gregory akalipa bonde la namna hii jina lake kwa Kiingereza, na jina hilo likaenea katika vitabu vya dunia nzima. Kiswahili kikalitia neno la ufa, na naona hakuna lugha iliyolipatia zaidi, maana ufa kwetu si shimo wala bonde. Ufa ni jambo la ukuta wa nyumba unayokaa, na ni jambo linaloendelea. Kila mtoto amekwisha kusikia la asiyeziba ufa.

Kutoka Baringo alikata Laikipia akaelekea Mlima Kenya. Msituni na katika mianzi baridi iliwaumiza watu wa pwani kiasi ambacho hawakuweza kuendelea, nao hawakuwa na nguo za kupandia theluji, kwani ni nani aliyewapa? Sehemu ya juu aliipanda karibu peke yake, mpaka kwenye barafu, kiasi cha meta 4,900. Kilele hakukifikia. Hicho kilingoja mpaka mwaka 1899, alipokipanda Mackinder. Lakini Gregory alileta habari iliyokuwa kubwa kuliko kilele: aliona alama za barafu chini sana kuliko pale barafu ilipokuwa, akajua kwamba zamani mlima ule ulivaa theluji pana zaidi. Barafu kubwa aliipa jina la mwanachuoni Lewis. Leo barafu hiyo imeyeyuka hata imebaki kipande, na huenda wajukuu wetu wakalikuta jina bila ya mwenye jina.

Alirudi Mombasa kiasi cha miezi mitano baada ya kutoka, naye hai, na watu wake wakalipwa wakatawanyika. Miaka miwili baadaye njia ile ile ya Kedong iliona msiba. Novemba 1895 msafara mkubwa wa Waswahili na Wakikuyu, uliokuwa ukirudi kutoka kupeleka chakula Ravine, uligombana na Wamaasai katika bonde la Kedong, na watu kwa mamia wakauawa. Mfanyabiashara wa Kizungu, Andrew Dick, aliwashambulia Wamaasai kulipa kisasi, akawaua wengi kisha naye akauawa. Uchunguzi wa serikali uliwalaumu watu wa msafara kwa kuwachokoza Wamaasai, hasa katika jambo la wasichana. Sijui katika familia zetu ni ngapi zilizompoteza mtu pale, maana mpagazi akifa bara habari ilifika kama upepo. Lakini mtu wa pwani apitaye Ewuaso Kedong leo kwa gari, au aonaye reli mpya iliyofika Suswa mwaka 2019, amsomee Fatiha aliyezikwa pale na asiyezikwa.

Mwaka 1896 Gregory alitoa kitabu chake kikubwa juu ya Bonde la Ufa, na umri wake ulikuwa miaka 32. Mwaka uliotangulia alikuwa ameoa, na Mungu akawapa mtoto wa kiume na wa kike. Lakini nyumba haikumweka. Mwaka ule ule wa 1896 alikuwa Spitsbergen, karibu na ncha ya kaskazini, akikivuka kisiwa kile pamoja na Conway, jambo ambalo halikuwa limefanywa na mtu. Mwaka 1900 alikwenda Melbourne kuwa profesa. Akateuliwa mkuu wa elimu katika msafara wa meli ya Discovery kwenda ncha ya kusini chini ya Kapteni Scott, na alipoona kwamba baharia ndiye atakayekuwa na amri juu ya mwanachuoni, mwaka 1901 akajiuzulu. Akaingia jangwa la Ziwa Eyre kwa ngamia. Mwaka 1904 akaitwa Glasgow, na hapo akafundisha miaka 25.

Kuna safari moja ya Gregory ambayo Mwislamu wa pwani ataisoma kwa jicho la pekee. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilikuwa tayari kuwapa Wayahudi nchi ya kukaa katika Afrika Mashariki, juu ya nyanda za Uasin Gishu, bila ya kuwauliza wenyewe wa nchi. Wakuu wa Kizayuni wakaikataa mwaka 1905, na mwandishi Israel Zangwill akaunda chama cha kutafuta nchi nyingine yoyote. Chama hicho kilimpeleka Gregory mwaka 1908 Barqa, katika Libya ya leo, ambayo zama zile ilikuwa chini ya Dola ya Uthmaniya. Akaikagua kama alivyoikagua Kedong, akarudi na jibu kavu: maji hayatoshi, nchi haifai. Hakusema kwamba nchi ina wenyewe. Alisema maji hayatoshi. Hiyo ndiyo picha ya mtu huyu: mkweli wa mawe, na watu aliwaona baada ya mawe.

Na katika habari za watu alikosea vibaya. Mwaka 1925 alitoa kitabu juu ya rangi za wanadamu, akionya kwamba weusi na weupe wakichanganyika patakuwa na hatari, na kwamba ni bora kila rangi ikae mbali na nyenziwe. Aliyeandika hayo alikuwa amekula sufuria moja na wapagazi miezi mitano, amelindwa na wao alipolala, amebebewa mizigo na maisha yake. Wako wanaosema kwamba ni mawazo ya zama zake. Ni kweli zama zake zilikuwa na wengi kama yeye, lakini zilikuwa pia na waliosema kinyume, naye alikuwa na ushahidi ambao wao hawakuwa nao.

Mwaka 1919, vita vikuu vimekwisha, alirudi Afrika Mashariki kuliangalia tena bonde lake. Safari hii alikuwa na umri wa miaka 55, na reli ilikuwapo. Huko Olorgesailie, katika Kajiado hii hii, kwenye njia ya Magadi, aliona mawe yaliyochongwa na mikono ya watu wa kale. Mary na Louis Leakey waliyachimbua katika miaka ya 1942 na 1943, na mpaka leo yanalala pale juu ya ardhi, mashoka ya mawe kwa mamia, na watoto wa shule hupelekwa kuyatazama. Kutokana na safari hiyo Gregory alitoa kitabu cha pili mwaka 1921. Ndani ya miaka hiyo alizuka mpinzani, Wayland wa Uganda, aliyesema kwamba bonde halikuvutwa bali limebanwa, na kuta zake zimepandishwa kwa nguvu ya kubana. Bishano hilo liliendelea hata baada ya wote wawili kuzeeka. Mwishowe waliosema bonde limevutwa ndio walioshinda. Leo vyombo vya kupimia kwa setilaiti vinaonyesha kwamba upande wa mashariki, yaani upande wetu sisi wa pwani, unaachana na bara kwa milimita chache kila mwaka. Ajabu ni kwamba Gregory mwenyewe hakukubali fikra ya Wegener ya mabara kutembea. Alishikilia kuwa bahari kuu zilitokana na nchi kavu kuzama. Aliuona ufa, hakuona kwamba nyumba nzima inahama.

Ijumaa ya tarehe 6 Januari 1928, kiasi cha saa nne na nusu za usiku kwa saa za leo, bonde lilijieleza lenyewe. Tetemeko la kipimo cha karibu 7 lilitokea Subukia, kaskazini ya Nakuru, likaacha ufa juu ya ardhi wenye urefu wa kilomita 38 hivi, na mahali pengine upande mmoja ukashuka zaidi ya meta mbili. Kidato kipya kilitengenezwa kwa dakika moja mbele ya macho ya watu. Nchi ilikuwa na watu wachache, majumba yalikuwa mepesi, ndiyo maana halikumbukwi. Tetemeko la namna ile leo, pamoja na majumba ya Nakuru yalivyopanda, ni habari nyingine.

Tangu siku hizo bonde halikulala. Julai 2007 ardhi ilitetemeka siku nyingi upande wa Ziwa Natron, kusini ya Magadi, watu wa Nairobi wakakimbia kutoka maofisini, na Septemba ile mlima Oldoinyo Lengai ukalipuka. Tarehe 10 Septemba 2016 Bukoba ilipigwa kwa kipimo cha 5.9, watu zaidi ya kumi wakafa, na madarasa ya shule ya Ihungo yakabomoka. Ilikuwa Jumamosi. Ingekuwa siku na saa ya masomo, tungekuwa na hadithi yetu wenyewe ya watoto, isiyo ya michoro. Na Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilifunguka karibu na Suswa ikakata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, na magazeti ya dunia yakapiga mbiu kwamba Afrika inapasuka mbele ya macho yetu. Wataalamu wakaeleza kwamba maji ya mvua ndiyo yaliyokokoa majivu laini yaliyoziba nyufa za zamani. Gregory angefurahi kulifafanua hilo, kwani alichukia jambo la polepole kufanywa kelele ya siku moja.

Isidhaniwe kwamba kuandika habari za matetemeko ni uvumbuzi wa Ulaya. Imamu Jalaluddin Suyuti, huyo huyo aliyeikamilisha Tafsiri ya Jalalaini isomwayo katika misikiti yetu, aliyefariki mwaka 1505, alitunga kitabu kizima juu ya zilzala, akazipanga mwaka kwa mwaka, mji kwa mji. Wataalamu wa leo hukifungua ili kujua Shamu na Misri zilitetemeka lini. Na Shamu, kama alivyosema Suess, imo katika ufa mmoja na Kedong. Mwanachuoni wa Cairo aliyeandika orodha na karani wa sufi aliyevunja mawe walikuwa wakisoma ukurasa mmoja, huyu juu na yule chini. Wala kujua sababu hakumwondolei mtu hofu ya Mola wake. Daktari ajuaye sababu ya homa bado humwombea mgonjwa.

Gregory alistaafu Glasgow mwaka 1929, baada ya kuwa rais wa jumuiya kuu ya wanajiolojia ya London. Alikuwa na kila sababu ya kukaa kitako. Badala yake, mwaka 1932, naye ana miaka 68, alipanda meli kwenda Amerika ya Kusini, katika milima ya Andes ya Peru, kuchunguza mahali pa volkano na matetemeko. Tarehe 2 Juni mwaka huo alikuwa katika mto Urubamba. Maji yalikuwa na kasi, mashua ikapinduka, akazama.

Wataalamu wakaiita sehemu ya bonde ipitayo Kenya kwa jina lake, Ufa wa Gregory. Wenyeji wa Suswa hawalitumii. Mlima wao hauna mto wala kisima, lakini una matundu yatoayo mvuke usiku na mchana kutoka katika moto ulioko chini ya bonde. Juu ya matundu hayo wameweka mabomba. Mvuke ukipita ndani hupoa ukawa maji, tone kwa tone, yakaingia mapipani, na watu na ndama wao wakanywa.